Tathmini ya huduma ya kushusha maji na kudhibiti gesi katika shimo refu

Mkandarasi aliyepewa kazi ya kushusha maji katika shimo tulilochimba kwa ajili ya kituo cha pampu cha chini ya ardhi aliiuza huduma yake kwa kifurushi kimoja, yaani visima vya kuvuta maji, pampu, jenereta ya akiba, vipima gesi na feni za kupuliza hewa. Simtaji jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia kwa watoa huduma wengine wa aina yake, na msomaji anayetafuta huduma kama hii atafaidika zaidi akijua aulize nini kuliko akijua amkwepe nani. Kwa ufupi, upande wa maji kazi ilifanyika vizuri sana, na upande wa gesi ilifanyika ili fomu ijazwe. Tatizo ni kwamba pande hizo mbili hazitenganishiki, kwa sababu sehemu kubwa ya gesi iliyoingia shimoni ililetwa na maji yenyewe.

Ardhi tuliyochimba inahitaji maelezo kwanza. Shimo lilikuwa na kina cha mita 12, limezungukwa na ukuta wa mabamba ya chuma yaliyopigiliwa ardhini na kushikiliwa na mihimili ya kukingama. Juu palikuwa na mchanga laini uliojaa maji, chini yake tabaka nene la mfinyanzi mweusi wenye mabaki ya mimea iliyooza, na kuanzia mita 15 palikuwa na mchanga wa changarawe wenye maji yaliyobanwa na mfinyanzi huo. Mabondeni na karibu na midomo ya mito mpangilio wa namna hii ni wa kawaida, na kila tabaka lina shari yake. Mchanga wa juu humiminika kupitia mwanya wowote unaoupata ukutani, maji ya mchanga wa chini husukuma sakafu ya shimo kutoka chini, na mfinyanzi mweusi ndio unaotengeneza gesi, maana mimea ikioza mahali pasipo na oksijeni hutoa methani, gesi inayolipuka, na pakiwa na salfeti, aina ya chumvi, hutoa pia haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu.

Nianze na maji. Watu wengi hudhani kwamba kushusha maji ni kutumbukiza pampu shimoni na kuvuta yale yanayoonekana. Pampu ya namna hiyo huyapata maji yakiwa yamekwisha kupita ndani ya udongo wa pembeni na wa chini ya shimo, na mwendo huo wa maji kupanda juu ndio unaoumaliza mchanga nguvu. Maji yakipanda ndani ya mchanga kwa msukumo unaolingana na uzito wa chembe zake majini, chembe haziegemeani tena, mchanga unaanza kuchemka, mtu anazama mguu pale alipokuwa akisimama imara, na ukuta uliotegemea udongo wa mbele yake unakosa egemeo. Kwa sababu hiyo maji yanapaswa kushushwa kabla ya jembe la mashine kuyafikia, na yashushwe kutoka nje ya shimo.

Kwa mchanga wa juu, mkandarasi alichomeka mabomba membamba yenye chujio nje ya ukuta, yote yakiungwa kwenye bomba moja kuu linalovutwa na pampu ya ombwe. Mfumo huu ni wa bei nafuu na hufungwa haraka, lakini una kikomo ambacho wauzaji wengine hawakisemi. Hewa ya angahewa haiwezi kuyainua maji kwa kuvutwa zaidi ya takriban mita 10 hata ombwe likiwa kamili, na katika kazi halisi hupatikana mita 5 au 6 tu. Mtu anayeahidi kukausha shimo la mita 12 kwa safu moja ya mabomba hayo aagwe kwa heshima. Mkandarasi wetu alilijua hilo, akaweka visima virefu vyenye pampu za kuzama kwa ajili ya mchanga wa chini, na hapo ndipo alipopata alama zake za juu kabisa.

Hatari ya mchanga wa chini huwa haionekani mpaka sakafu ivimbe. Kabla ya kuchimba, maji ya tabaka hilo yalipanda ndani ya bomba la uchunguzi hadi mita 4 chini ya uso wa ardhi, maana yake yalikuwa na kimo cha mita 11 juu ya tabaka lenyewe, na yaliusukuma mfinyanzi kwa nguvu ya tani 11 kwa kila mita ya mraba. Tukifika mita 12, mfinyanzi uliobaki chini ya miguu ungekuwa wa mita 3 tu, na mfinyanzi wenye mimea iliyooza ni mwepesi, karibu tani 1.7 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo uzito wa kuyazuia maji ungekuwa tani 5.1. Hesabu hiyo anaiweza mwanafunzi yeyote, na jibu lake ni kwamba sakafu ingeinuka na kupasuka, kisha maji na mchanga vingeingia kwa pamoja. Mkandarasi alitaka kimo kishushwe hadi mita 4 juu ya tabaka kabla ya mashine kuruhusiwa kwenda chini ya mita 9, na akalisimamia sharti hilo hata siku ambazo msimamizi wa uchimbaji alikuwa amekunja uso akihesabu saa za mashine iliyosimama. Vipimo vya mabomba ya uchunguzi viliandikwa kwenye ubao mlangoni mwa shimo, kwa herufi ambazo hata dereva wa lori aliweza kuzisoma akiwa kwenye usukani.

Kitu kingine kilichonipendeza ni jambo dogo kwa sura. Kila asubuhi fundi wao alikinga maji ya kila kisima kwenye ndoo nyeupe, akayaacha yatulie, kisha akainamisha ndoo taratibu kuona kilichobaki chini. Maji yanayotoka na mchanga yanaonyesha kwamba chujio limekosewa au limetoboka, na kila ndoo ya mchanga inayopanda juu inaacha uwazi wa ukubwa huohuo ardhini, pengine chini ya msingi wa jirani. Kisima kimoja kilianza kuacha utando wa mchanga laini kwenye ndoo, na walikifunga na kuchimba kingine bila kusubiri kuandikiwa barua. Anayedhani uangalifu huo umezidi akumbuke Cologne nchini Ujerumani, ambako tarehe 3 Machi 2009 jengo la hifadhi ya nyaraka za jiji liliporomoka na kuua watu wawili, baada ya maji na mchanga kupenya kwenye kasoro ya ukuta wa shimo la reli ya chini ya ardhi lililokuwa mbele yake.

Kuhusu majengo ya jirani nina lawama ndogo. Kushusha maji kwa mita moja kunauongezea udongo mzigo wa karibu tani moja kwa mita ya mraba, kwa kuwa maji yaliyokuwa yakiubeba udongo hayapo tena, na mfinyanzi laini hujibu mzigo huo kwa kunywea polepole kwa miezi mingi. Mkandarasi aliweka alama za kupima kushuka kwa kuta za jirani, lakini visima vya kurudisha maji ardhini, ambavyo vingelinda kina cha maji upande wa majengo, alivitaja kama nyongeza ya hiari wakati kwa ardhi hii vilipaswa kuwa sehemu ya bei ya msingi. Jenereta ya akiba haina lawama. Ilijaribiwa mbele yangu kwa kuzima umeme mkuu pampu zote zikiwa kazini, na tukatumia nafasi hiyo kupima kasi ya maji kurudi, yaani muda ambao watu wangekuwa nao kutoka endapo pampu zingesimama kabisa. Ukilipia huduma kama hii, dai kipimo hicho kiandikwe.

Sasa gesi. Gesi huyeyuka majini kulingana na shinikizo, na maji yaliyobanwa chini ya mfinyanzi wenye mimea iliyooza huwa yamebeba methani nyingi kuliko yanavyoweza kuishikilia yakifika juu. Presha ikishuka, gesi inaachia, sawa na chupa ya soda inapofunguliwa. Kwa hiyo kila kisima kinachoshusha presha ya maji kinaitoa gesi pia, na mahali inapotokea si lazima pawe mahali pachimbwapo. Abbeystead nchini Uingereza ndiko funzo hilo lilikoandikwa kwa damu. Tarehe 23 Mei 1984 wageni walikuwa wakitembezwa kwenye jengo la vali la mfumo wa kusafirisha maji, methani iliyoingia kwenye handaki ikiwa imeyeyuka katika maji ya ardhini ikasukumwa hadi ndani ya jengo pampu zilipowashwa, ikalipuka, na watu 16 walikufa. Handaki lilikuwa limekwisha jengwa na kuanza kutumika, na wale watu hawakuwa wachimbaji.

Fundi wa gesi wa mkandarasi wetu alikuwa kijana mwenye adabu na mwenye kipima gesi kizuri cha sensa nne, kinachopima oksijeni, gesi zinazolipuka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Kila asubuhi alisimama ukingoni mwa shimo, akakishika kifuani, akasubiri kidogo, akaandika kwamba hewa ni salama. Hewa aliyoipima ilikuwa hewa ya uwanjani. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hujikusanya juu, chini ya majukwaa na kwenye pembe za mihimili ambako upepo haufiki. Haidrojeni salfaidi na kaboni dayoksaidi ni nzito, nazo hulala sakafuni na hasa ndani ya kishimo cha kukusanyia maji, palepale fundi wa pampu anapoinama kusafisha chujio. Kipima gesi cha namna ile huja na mpira wa kuvutia sampuli ili hewa ya chini ipimwe kabla ya mtu kushuka, na mpira wao ulikuwa ndani ya sanduku, bado umefungwa kwa utepe wa kiwandani. Ulipotumika hatimaye ilibidi kusisitiza pia kwamba hewa huchukua sekunde kadhaa kusafiri kila mita ya mpira, na kwamba anayeuteremsha na kuupandisha haraka anapima hewa iliyokuwa ndani ya mpira wenyewe.

Yapo mambo mengine ambayo kifaa hakiyasemi na fundi hakuyajua. Sensa ya gesi zinazolipuka ya aina iliyomo kwenye vipima vingi huchoma gesi kidogo ndani yake ili kuipima, kwa hiyo oksijeni ikipungua sana inaonyesha namba ndogo kuliko hali halisi, ndiyo maana oksijeni husomwa kwanza. Namba yenyewe pia huwapotosha wengi. Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na kipima huonyesha asilimia ya kile kikomo cha chini, hivyo 10 kwenye kioo ni nusu asilimia ya methani hewani, na 100 maana yake hewa yote pale imekwisha kuwa baruti. Mvuke wa silikoni, ambayo mafundi huipaka kwenye viungo na mihuri, huiharibu sensa hiyo kimyakimya, ikabaki inaonyesha sifuri daima. Dawa yake ni kukijaribu kifaa kwa gesi ya majaribio kila siku kabla ya kazi. Nilipoomba kuona chupa ya gesi hiyo, nilijibiwa kwamba kifaa kina cheti cha kiwanda.

Upungufu ulionitia hofu zaidi ulikuwa wa kaboni dayoksaidi, kwa kuwa sensa nne zile haziipimi kabisa, na mkandarasi alidai kwamba sensa ya oksijeni ingeigundua. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na king'ora hulia ikishuka hadi 19.5. Ili gesi nyingine iishushe oksijeni kwa kiasi hicho, lazima ichukue karibu asilimia 6.7 ya hewa yote. Kikomo kinachotumika sana kwa kaboni dayoksaidi katika zamu ya saa 8 ni nusu asilimia, yaani mtu angekuwa anavuta zaidi ya mara 13 ya kikomo hicho kabla king'ora hakijatoa hata mlio wa kwanza, na katika kiwango hicho mtu hupumua kwa kuhema, huchanganyikiwa na anaweza kuzimia. Katika ardhi ya chokaa, ya mboji au ya takataka zilizofukiwa, kipima gesi kisicho na sensa ya kaboni dayoksaidi ni nusu ya kifaa.

Na pua pia si kipimo. Harufu ya mayai viza ilisikika kwenye tangi la kutulizia maji yaliyovutwa, lililokuwa limewekwa upande upepo unakotoka, hatua chache kutoka ukingoni, na baadhi ya vibarua walifarijika ilipopotea wakiwa karibu nalo. Haidrojeni salfaidi hunusika ikiwa kidogo mno, lakini inapofika takriban sehemu 100 kwa milioni huzima uwezo wa kunusa, na ikizidi 700 huua kwa haraka. Tangi lilipaswa kuwa mbali, wazi, upande upepo unakoelekea, kwa kuwa humo ndimo maji yanapovurugika na kuachia gesi yake. Walilihamisha baada ya kuandikiwa.

Feni nazo zilikuwa na nguvu ya kutosha, ila ziliwekwa na mtu aliyefikiria nafasi tu. Mdomo wa kuvuta hewa ulielekea kwenye bomba la moshi la jenereta, hivyo feni ya usalama ilikuwa ikiteremsha kaboni monoksaidi shimoni kwa uaminifu mkubwa, na mfuko wa kupitishia hewa uliishia mita kadhaa juu ya sakafu, ukiiacha hewa nzito ya chini imetulia. Yote mawili yalirekebishwa kwa nusu siku. Lililochukua muda ni kuwashawishi wapime gesi upya kila presha ya angahewa iliposhuka, kwani kabla ya mvua kubwa hewa ya juu hupungua uzito na gesi iliyokuwa imetulia ndani ya udongo hutoka zaidi kuliko kawaida. Shimo lililokuwa safi asubuhi linaweza lisiwe safi mchana bila mtu yeyote kugusa chochote.

Kwa uokoaji walileta stendi ya chuma ya miguu mitatu yenye winchi ya kumvuta mtu juu, na mikanda ya mwili, vyote vizima na vyenye tarehe za ukaguzi, lakini hawakuleta kifaa hata kimoja cha kupumulia chenye mtungi wa hewa. Katika ajali za gesi wanaokufa mara nyingi ni pamoja na waliokimbilia kumtoa mwenzao. Barakoa za chujio walizozitoa hazitengenezi oksijeni, na mtu anayeteremka nazo kwenye hewa isiyo na oksijeni anamfuata tu aliyetangulia.

Hoja ambayo ningependa kila mnunuzi wa huduma hii aiweke mezani mapema ni mgongano uliopo kati ya pande hizi mbili. King'ora cha gesi kikilia, kanuni ya kawaida ni kutoa watu na kukata umeme wote shimoni, ili cheche isipatikane. Lakini ukikata umeme wa pampu zinazolinda sakafu, kimo cha maji kinaanza kupanda, na baada ya muda una shimo lenye gesi na sakafu inayovimba kwa pamoja, bila mtu anayeweza kushuka kurekebisha. Visima virefu vilivyo nje ya ukuta hupunguza tatizo hili, kwa sababu mota zake zimezama ndani ya visima vyake na umeme wake haupiti shimoni, ingawa vichwa vya visima hivyo navyo hutoa gesi na vinahitaji kupimwa na kuachwa wazi. Pampu ndogo ya kishimo cha ndani ni suala jingine, nayo iwe ya aina iliyothibitishwa kutumika penye gesi inayolipuka, au iendeshwe kwa hewa iliyoshindiliwa. Mkandarasi wetu alileta pampu ya kawaida ya umeme, akaibadilisha kwa ile ya hewa baada ya mabishano ambayo hayakuwa na sababu ya kuwepo.

Kwa maji ningewaajiri tena bila kusita. Kwa gesi hapana, si kwa mkataba ule. Katika awamu inayofuata wamebaki na visima, pampu na jenereta, na upimaji wa gesi umepewa mtaalamu mwingine asiyelipwa nao, anayeripoti kwa msimamizi wa saiti moja kwa moja. Mkataba wake unataja sensa tano badala ya nne, jaribio la gesi kila asubuhi mbele ya shahidi, upimaji kwa mpira katika kina tatu na kwenye tangi la maji, na upimaji wa kudumu katika kishimo cha pampu muda wote ambao mtu yumo shimoni. Ana mamlaka ya kuwatoa watu bila kuomba ruhusa, lakini kuzima visima vya nje hawezi bila kwanza kusoma ubao wa kimo cha maji pamoja na fundi wa pampu.